Kambi ya kwanza ya futiboli chuoni: "Mama anasema nisiwaambie"

Shikamoo kaka Mshauri,

Nina miaka 18. Wazazi wangu ni watu wa Uvira, Kongo. Mimi nilizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na tuko Texas tangu nikiwa na miaka 8. Nimecheza futiboli ya Kimarekani miaka mitatu sekondari, nafasi ya lainibeki wa kati (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele), na sasa nina kilo 98. Chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza hapa hapa Texas kimenichukua bila ufadhili. Natakiwa kuripoti kambini tarehe 30 Julai, yaani zimebaki wiki tatu.

Nina mambo matatu. Chuo kimenitumia fomu ya kupimwa selimundu. Mdogo wangu wa kike anaugua selimundu, na mama anasema nisiandike habari hiyo popote, kwa sababu watanitoa kwenye timu kabla sijavaa jezi. La pili, siku ya kwanza kuna mtihani wa mbio: yadi 110 mara 16, na joto la huku mnalijua. La tatu, wametutumia kitabu cha mipango ya uchezaji kwenye tableti. Nimekisoma mara mbili na hakikai kichwani. Naogopa kuonekana mjinga mbele ya watu wa miaka 22. Nianzie wapi?

Kijana wa Texas

Marahaba, mdogo wangu.

Tuanze na damu, maana jibu la mbio linategemea hilo.

Mdogo wako akiwa anaugua selimundu ya kurithi kutoka pande zote mbili, maana yake baba na mama kila mmoja anabeba kinasaba hicho. Wewe uliyetoka mzima, mradi mmechangia baba na mama, una nafasi 2 kati ya 3 za kuwa mbebaji. Kubeba si kuugua. Mbebaji hana upungufu wa damu wa mdogo wako, hana yale maumivu ya mifupa usiku, na anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Ila kuna jambo moja linaloweza kumwangusha: kukimbia kwa nguvu zote, mfululizo, bila mapumziko ya kutosha, hasa kwenye joto au akiwa na kiu. Hapo oksijeni ya damu hushuka, damu huwa na asidi, na chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo ya misuli. Misuli ikianza kufa hutoa sumu inayoharibu figo na kuvuruga moyo. Yote hayo yanaweza kuanza ndani ya dakika chache.

Hiyo fomu ina historia, na historia yenyewe ni ya huko huko Texas. Septemba 2006, Dale Lloyd II, mchezaji wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, alikimbia mbio 16 za yadi 100, akaanguka, akafariki kesho yake. Alikuwa na miaka 19, mbebaji wa selimundu, na hakuwa anajua. Kesi ambayo familia yake ilifungua ndiyo iliyochangia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kuweka kipimo hiki kwa Divisheni ya Kwanza kuanzia 2010. Wenzako waliozaliwa Marekani walipimwa walipokuwa watoto wachanga. Wewe wa Nyarugusu huna karatasi hiyo, kwa hiyo nenda kliniki wiki hii hii, utolewe damu, majibu yawe mkononi kabla ya tarehe 30.

Mwambie mama hivi, kwa upole: ubebaji peke yake si sababu ya kumtoa mtu kwenye timu. Ryan Clark alikuwa mbebaji, akacheza NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, miaka mingi. Mwaka 2007 alicheza Denver, mji ulio juu sana wenye hewa nyepesi, akaugua vibaya hadi akatolewa wengu na kibofu cha nyongo. Alirudi uwanjani. Januari 2012 timu yake ya Pittsburgh Steelers ilipokwenda tena Denver kwa mechi ya mtoano, yeye aliachwa nje kwa usalama wake. Angalia tofauti, mdogo wangu: anayejulikana ni mbebaji hupangiwa, asiyejulikana huachwa akimbie.

Kupangiwa ni hivi. Mbebaji hupandishiwa mazoezi polepole, hupewa mapumziko marefu kati ya mbio na mbio, na hapaswi kupewa mitihani ya mbio za mfululizo zinazopimwa kwa saa. Maana yake, majibu yakionyesha wewe ni mbebaji, ule mtihani wa yadi 110 mara 16 haukuhusu kwa sura hiyo. Hatuoni namna nyingine ya kulisema hili: usiukimbie ili kuwafurahisha watu. Nenda na majibu yako kwa trena, yaani yule mtaalamu wa afya ya wanamichezo (usimchanganye na kocha wa nguvu anayepiga filimbi kwenye chumba cha vyuma), mpange naye pamoja na daktari wa timu.

Na jifunze kutofautisha. Misuli ikikaza kwa joto na chumvi kupungua, inakuwa ngumu kama jiwe, inauma, unachechemea, unapiga kelele. Kwa mbebaji anayeanza kuzidiwa, miguu inaisha nguvu tu. Ukiigusa ni laini. Mtu anaketi chini au analala, bado anaongea, akili yake iko sawa, na kwa macho ya kocha anaonekana kama mvivu. Mara nyingi inakuja mapema, dakika za mwanzo za mbio. Ukijisikia hivyo, simama hapo hapo na sema. Sema kwa sauti, taja neno selimundu, usisubiri filimbi.

Nyumbani tumelelewa kuvumilia. Mtoto anayelalamika mbele ya wakubwa anaonekana hana adabu, na wa kiume ndiyo kabisa. Malezi hayo yamekufikisha hapo ulipo na hatuyadharau. Lakini pale kambini trena hawezi kukutibu kwa kukisia.

Majibu yakitoka kwamba hubebi, mtihani wa mbio unaandaliwa hivi. Yadi 110 ni kama mita 100. Kwa lainibeki, timu nyingi hutaka sekunde 16 au 17, na mapumziko ya kama sekunde 45. Muulize kocha wa nguvu viwango vyao hasa, wana tabia ya kuvitoa mapema. Wiki ya kwanza kimbia mbio 8 kwa sekunde 18, pumzika sekunde 60, siku tatu kwa wiki. Ya pili, mbio 12 kwa 17, pumzika 50. Ya tatu, fika 14 mara moja, kisha acha kabisa mbio nzito tarehe 26. Anayefika kambini amechoka huanguka siku ya kwanza. Hadi majibu ya damu yatoke, usifanye lolote kati ya hayo: kimbia kwa kasi ya wastani na pumzika mpaka pumzi irudi yenyewe.

Kosa la kawaida la wa mwaka wa kwanza ni kukimbia mbele tu kwa wiki nzima za maandalizi. Siku ya pili ya kambi wanaambiwa warudi nyuma, wageuke nyonga, wakate kushoto, na kinena kinachanika. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki, ukiwa umevaa njumu zako, fanya dakika 15 za kusogea ubavu, kurudi kinyumenyume yadi 10 na kugeuka, kisha kusimama ghafla. Njumu ziwe pea mbili, zote zimeshavaliwa siku 10 kabla. Soli isiwe laini kiasi cha kukunjika mahali pa kidole gumba, maana kwenye nyasi bandia kidole hicho hupinda na kuumia kiungo, na jeraha lake hukaa wiki nyingi. Kata kucha za miguu mraba.

Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Ndiyo sababu siku mbili za kwanza kambini ni helmeti tu, pedi za mabega zinafuata, na vifaa kamili vinakuja mwishoni mwa wiki ya kwanza. Tangu 2017 NCAA imekataza mazoezi mawili ya kugongana kwa siku moja. Lakini siku zako za kuzoea zianze sasa: nusu saa nje mchana ukipanda hadi saa moja na nusu, usiwe peke yako, na maji yawe karibu.

Maji ni hesabu. Jipime bila nguo kabla ya mazoezi, na tena baadaye ukiwa umejifuta jasho. Tuseme uliingia na 98.0 ukatoka na 95.6. Umepoteza kilo 2.4. Kwa kila kilo moja rudisha lita 1.25 hadi 1.5, hivyo ni lita 3 hadi 3.6, kidogo kidogo hadi usiku, pamoja na chakula chenye chumvi. Ukiwa mtu wa kuacha alama nyeupe kwenye fulana, tia robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kila lita ya kinywaji. Asubuhi ukipanda mizani bado uko chini kwa zaidi ya kilo 2, mwambie trena kabla ya kuvaa. Na kinyume chake: ukitoka mazoezini una uzito kuliko ulivyoingia, umekunywa kupita kiasi. Maji mengi bila chumvi hupunguza sodiamu ya damu, na hilo nalo huua.

Siku ya kwanza uliza jambo moja: beseni la maji ya barafu liko wapi? Anayepatwa na kiharusi cha joto hutambulika kwa akili kabla ya ngozi. Anayumba, anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, hajui yuko kwenye zamu gani. Joto la ndani limepita nyuzi 40. Dawa ni kumzamisha hadi shingoni kwenye maji ya barafu hapo hapo uwanjani, ndani ya nusu saa, mpaka joto lishuke kama 39, ndipo apelekwe hospitali. Wanapoza kwanza, gari baadaye. Korey Stringer wa Minnesota Vikings, timu ya NFL, alikufa kwa joto la kambi tarehe 1 Agosti 2001. Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland, miaka 19, alizidiwa tarehe 29 Mei 2018 akiwa kwenye mbio za yadi 110, hakuzamishwa kwenye maji ya barafu, akafariki Juni 13. Ukimwona mwenzako anayumba, mshike mkono umpeleke. Usimwachie aseme yuko sawa.

Poda za kuamsha mwili kabla ya mazoezi ziache nyumbani. Nyingi zina vichocheo vinavyopandisha mapigo na joto, na baadhi zina vitu vilivyopigwa marufuku ambavyo havikuandikwa kwenye kopo. Dawa zako zote ziandike na uzipeleke kwa trena: za duka, za mafua, na hata zile za mitishamba anazokuchemshia bibi.

Siku ya kuchukua vifaa, usikubali helmeti ya kubahatisha kwa sababu foleni ni ndefu. Nenda na nywele utakazocheza nazo. Ukipimwa na rasta kisha ukazinyoa wiki ya pili, helmeti itaning'inia. Lowesha nywele kidogo kuigiza jasho. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Mwambie anayegawa vifaa aishike kwa kinga ya uso aizungushe kushoto na kulia: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, ni kubwa. Mashavu yajae bila kuuma. Kama ina mifuko ya hewa, ikaguliwe kila wiki maana hupungua. Pedi za mabega zifunike ncha ya bega, na mikanda ya kwapani ipitishe vidole viwili. Kinga ya meno nunua mbili.

Sasa kitabu cha mipango. Hakikai kichwani kwa sababu unakisoma kama gazeti. Kitabu hiki ni cha kutembea. Chukua kadi 20. Upande mmoja andika jina la mpango kama kocha atakavyolipigia kelele. Upande wa pili chora duara tano za safu ya mbele ya wapinzani (senta, magadi wawili, matakeli wawili), tia herufi kwenye mianya: A kati ya senta na gadi, B kati ya gadi na takeli, C nje ya takeli. Kisha jibu maswali manne tu: nasimama wapi, namtazama nani, mwanya wangu ni upi, na ikiwa ni pasi naenda wapi. Sekunde 10 kwa kadi, kwa sauti. Halafu panga kandambili tano sakafuni ziwe ile safu, rudi nyuma hatua tano, mtu akusomee jina la mpango, nawe itikia kwa sauti na upige hatua mbili za kwanza. Mdogo wako anaweza kukusomea. Kila jioni kambini mtapewa mipango mipya, na ya jana haitarudiwa. Kwa hiyo kadi za leo zichorwe leo kabla ya kulala, hata kama macho yanafumba.

Swali la pili kati ya yale manne ndilo linalowaangusha wengi. Lainibeki mgeni hutazama mpira. Kwotabeki (mrusha pasi wao) anajifanya anampa raningibeki (anayekimbia na mpira), mgeni anaruka mbele, na pasi inapita juu ya kichwa chake. Mtazame gadi. Helmeti yake ikishuka na kuja mbele, watakimbia na mpira. Ikiinuka na akarudi nyuma, ni pasi. Akichomoka kwenda pembeni, mfuate, anakuonyesha mpira unakokwenda. Hatua ya kwanza iwe fupi, ili uweze kubadili mawazo.

Na lainibeki wa kati hupiga kelele. Yeye ndiye anayewaambia wenzake upande wenye nguvu, yaani wapinzani walikojazana, ni upi. Ukipiga kelele ukakosea, kocha atakusahihisha mara moja na safu nzima itakaa vizuri. Ukinyamaza, watu wawili watasimama kwenye mwanya mmoja na wapinzani watapita yadi 60. Hao wa miaka 22 unaowaogopa wanachukia lainibeki bubu kuliko anayekosea kwa sauti.

Jua pia kiwango cha kugongana cha kila zoezi kabla filimbi haijalia. Kuna mazoezi ya kugusa tu, kuna ya kugonga bila kuangusha, na kuna ya kuangusha kweli. Mgeni anayetaka kuonekana humwangusha raningibeki kwenye zoezi la kugonga tu, au anamgusa kwotabeki aliyevaa jezi ya rangi tofauti. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupelekwa pembeni. Unapoangusha, macho juu, bega la karibu, mguu wa karibu. Kamwe usiingize utosi: shingo iliyonyooka ikigongwa kwa utosi huvunjika, na kwenye mechi refa atakutoa nje. Kichwa kikigongwa ukaona nyota, au mwanga ukaanza kukuudhi, hilo nalo la kusema siku hiyo hiyo.

Utapata zamu chache, labda sita au nane kwenye kipindi cha timu nzima. Wakati wa zamu za wengine, simama nyuma ya lainibeki wa kikosi cha kwanza, kwenye mstari wake, itikia mpango na upige hatua zako. Kila zoezi linarekodiwa, na makocha huhesabu mambo mawili usiku: nani alikosea jukumu, nani alilegea kabla filimbi haijalia. Asiye na ufadhili huanzia kwenye vikosi maalumu, wale wa kufukuzia mpira uliopigwa. Kaa mbele kwenye mikutano ya vikosi hivyo. Wazoefu wengi hukaa nyuma.

Oga mara baada ya mazoezi, usichangie taulo wala wembe. Kipele chekundu chenye moto mwonyeshe trena siku hiyo, maana bakteria wa ngozi husambaa upesi kwenye vyumba vya kubadilishia.

Mwisho ni mama. Una miaka 18, hivyo chuo hakitamweleza habari za afya yako bila idhini yako. Jaza fomu ya idhini, weka jina lake na simu yake, na mwachie namba ya trena mkuu na nakala ya kadi ya bima. Kama Kiingereza kinamsumbua, mwambie kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinapaswa kumpa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, na asikubali mtoto wa jirani atafsiri mambo ya daktari. Siku majibu ya damu yakitoka, mpigie yeye kwanza, kisha trena.